Palizi ya maharagwe haingoji

Mvua ya masika ikinyesha huku Njoro, maharagwe na magugu huota pamoja, na magugu ndiyo yenye haraka. Wiki tatu hadi tano za kwanza ndizo huamua mavuno. Mharagwe ukiwa na majani machache, mizizi yake bado iko juu juu. Ukinyang'anywa maji, mbolea na mwanga wakati huo, utazaa maganda machache hata ukiupalilia vizuri baadaye.

Adui wangu mkubwa ni gugu la mukengeria, ile ya maua ya buluu. Ukiikata kwa jembe na kuiacha kwenye udongo mbichi, kipande chenye kifundo hutoa mizizi upya. Mimi huiokota kwa mkono na kuitoa nje ya shamba kabisa. Mgongo unauma, lakini tofauti naiona wakati wa kupura.

Inanisikitisha kuona mtu akipalilia maharagwe yakiwa yameshachanua. Jembe huangusha maua ambayo yangekuwa maganda. Na tafadhali, wakulima wenzangu, msiingie shambani majani yakiwa na umande, maana nguo zenu hubeba ugonjwa toka mche hadi mche. Mimi huanza kama saa nne, jua likishayakausha.