Bia nzito ya Uskoti, kwenye jiko la ghorofa ya tatu

Watu wakisikia bia yenye asilimia nane na zaidi, wengi hudhani siri ni sukari. Wenzetu hapa Edinburgh wameniuliza mara nyingi: "Unatia kilo ngapi?" Situpii hata kijiko, ukiacha kiasi kidogo cha wakati wa kujaza chupa. Bia nzito ya Uskoti, ambayo wenyewe huiita Wee Heavy, hupata nguvu yake kwa kimea kingi, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, kwenye maji machache. Ikifika salama au ikikwama njiani, hiyo ni juu ya hamira. Kwenye hamira ndiko nilikotumia akili zaidi, kwa hiyo nako nitakaa zaidi.

Kilichonivuta kwanza kwenye bia hizi ni namna zinavyoandikwa. Ukiingia baa za zamani za huku unakuta kwenye mpini wa bomba pameandikwa 70/- au 80/-, vilevile kama duka la Moshi linavyoandika bei ya unga. Na ni shilingi kweli. Katika karne ya 19 viwanda vya Uskoti vilizitambulisha bia kwa bei ya pipa: kadiri ilivyokuwa na nguvu ndivyo shilingi zilivyopanda. Ya 60/- ilikuwa nyepesi, ya 90/- kwenda juu ilikuwa nzito. Uingereza iliiacha shilingi mwaka 1971, sisi bado tunayo, na wao imewabakia kwenye bia.

Niliyoilenga hasa ni ile ya jumba la kale la Traquair. Basi la kutoka Edinburgh kwenda Galashiels hupita Innerleithen, na kutoka hapo ni mwendo wa miguu tu hadi kwenye jumba lenyewe. Mwaka 1965 mwenye jumba, Peter Maxwell Stuart, alikifufua kiwanda kidogo cha bia kilichokuwa kimelala humo ndani na vyombo vyake vya zamani. Mpaka leo bia yao huchachushwa kwenye mapipa ya mwaloni, na Traquair House Ale ina asilimia 7.2. Rangi yake ni kahawia iliyoiva, ukiitazama kwenye mwanga unaona wekundu. Utamu wa kimea unatangulia, uchungu unakuja nyuma taratibu. Nilinunua chupa mbili, moja nikainywa, nyingine nikaiweka iwe kipimo changu.

Jambo moja nililiamua mapema: hakuna moshi. Mapishi mengi yanayojiita ya Kiskoti hutia kimea kilichofukizwa kwa mboji kavu ya kinamasi inayochomwa kama kuni, ule moshi unaousikia kwenye wiski za kisiwa cha Islay. Ni kuchanganya mambo mawili. Onja 80/- ya kawaida, onja hiyo ya Traquair, moshi huupati. Anayetaka moshi anywe wiski.

Nikaanza na maji. Edinburgh ya zamani ilisifika kwa visima vyake, maji yenye madini yaliyofaa bia, ndiyo maana viwanda vilijazana upande wa Canongate na Holyrood. Ya bombani leo hayatoki huko. Yanakuja kutoka mabwawa ya milimani kusini, kama Talla na Megget, nayo ni laini sana, sabuni inatoa povu kwa kugusa tu. Kwa bia hii ulaini huo si mbaya, lakini niliongeza kijiko cha chai cha kloridi ya kalsiamu ili kimea kifanye kazi vizuri na bia ipate unene mdomoni. Klorini niliiondoa kwa kipande cha tembe ya metabisulfiti, zinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya kupikia bia. Ukiiacha, inakutana na vitu vya kwenye kimea na bia inanuka kama plasta ya kidonda.

Kimea chenyewe ni kilo 5 za Golden Promise, shayiri iliyopendwa sana Uskoti tangu miaka ya 1960, na gramu 60 za shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa nyeusi. Basi. Nimeona mapishi yenye aina saba za kimea na sielewi yanatafuta nini. Gramu 60 zinatosha kuleta wekundu na ukavu kidogo mwishoni. Ukizidisha unaelekea kwenye stauti, ile bia nyeusi.

Niliweka mfuko mkubwa wa nailoni ndani ya sufuria ya lita 25, nikamimina lita 13 za maji ya moto, kimea kikaingia huku nakoroga kuvunja madonge. Kipimajoto kilitulia kwenye nyuzi 68. Joto hilo nililichagua makusudi: ukiloweka kwenye 64 hivi, wanga mwingi hugeuka sukari ambayo hamira huimaliza yote na bia hutoka kavu, ukipanda kuelekea 69, hubaki sukari ambazo hamira haiziwezi, na huo ndio mwili wa bia hii. Nikaifunga sufuria kwa blanketi, nikaiacha saa moja na nusu. Baadaye nikauinua mfuko, nikauegemeza juu ya chujio, nikaumwagia maji ya moto kidogo kidogo mpaka nikafikisha lita 15 za maji matamu.

Lita 3 za mwanzo, zile nzito, nilikuwa nimezitenga, nikaziweka kwenye sufuria pana peke yake na moto mkali. Zilichemka mpaka zikabaki chini ya lita moja, nzito kama asali. Rangi na ladha hiyo si ya sukari kuungua tu. Ni sukari na protini za kimea zinapokutana kwenye joto, jambo lile lile linaloipa nyama choma ganda lake. Hii ni mbinu ya wapikaji wa nyumbani zaidi kuliko ya viwanda, na inataka usimame hapo hapo, maana dakika za mwisho inaungua ghafla. Jiko zima lilinukia. Mtaa wetu wa Gorgie umezoea harufu ya nafaka iliyopikwa, kwa sababu kiwanda cha wiski cha North British kiko hapa hapa tangu 1885, kwa hiyo hakuna jirani aliyegonga mlango.

Sufuria kubwa nayo ilichemka dakika 90. Hopsi, yale maua makavu yanayoipa bia uchungu, ni gramu 35 za aina ya East Kent Goldings, zote ziliingia ikiwa imebaki saa moja, hakuna za mwishoni, kwa sababu bia hii haitaki harufu ya maua. Kazi ya hopsi hapa ni kuzuia utamu usichoshe. Kwetu Uchaggani kazi hiyo kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, hufanywa na gome chungu la mti wa msesewe, na nadhani aliyekua na ladha ya msesewe huelewa haraka kwa nini pombe tamu inahitaji kitu cha kuishikilia. Nilipochanganya masufuria yote mawili na kupoza, nilipata lita 11, na haidromita, kifaa cha kupima uzito wa maji matamu, ikasoma 1.088 (maji matupu husoma 1.000).

Sasa hamira.

Pakiti moja ya hamira ya maji inatosha bia ya kawaida. Ukiitumbukiza kwenye maji matamu ya 1.088 unaionea. Sukari nyingi hivyo inazikamua seli, halafu pombe inapopanda inazitia sumu, na zile chache zilizoingia zinachoka kabla ya kazi kuisha. Unabaki na bia tamu kama sharubati na pombe nusu. Dawa ni kuingiza jeshi, na njia niliyoipenda ni ya kulilea kwenye bia nyepesi kwanza. Kabla ya ile nzito nilipika lita 10 za bia ya aina ya 70/-, uzito wa 1.038 tu, nikaichachusha kwa pakiti moja ya Wyeast 1728, hamira ya Kiskoti inayovumilia baridi. Hamira ikala kwa raha, ikazaana, ikatua chini. Siku ya kupika nzito ndiyo siku niliyoijaza ile nyepesi kwenye chupa, na chini ya ndoo nikakuta mashapo meupe, mazito, yananuka mkate. Sehemu kubwa ya mashapo hayo ndiyo yaliyoingia kwenye bia nzito. Kwa hesabu za kawaida, lita 11 za uzito ule zinahitaji seli kama bilioni 170, na pakiti huwa na bilioni 100 ikiwa mpya kabisa. Ningeweza kununua pakiti mbili. Lakini hivi nilipata hamira iliyoamka tayari, na bia ya kunywa wakati nasubiri.

Kabla ya kuitia hamira niliitikisa ndoo kwa nguvu dakika kadhaa mpaka ikajaa povu. Hii ndiyo nafasi pekee ambapo hewa ni rafiki wa bia: hamira hutumia oksijeni kujenga utando wa seli zake kabla ya kuzaana. Siku ya pili, hewa hiyo hiyo ni adui.

Ndoo ilikwenda stoo. Nyumba hizi za mawe za karne ya 19 nyingi zina kachumba kasiko na dirisha katikati, na mwezi wa kwanza changu kinakaa kwenye nyuzi 14 au 15 bila kuwasha chochote. Huko nyumbani ningelipia umeme wa friji kupata baridi hiyo. Na baridi ndiyo inayoipa bia ya Kiskoti usafi wake. Hamira ikipata joto kwenye bia ya nguvu hivi hutoa harufu za matunda yaliyoiva kupita kiasi na aina za pombe zinazochoma koo na kukudai asubuhi. Povu lilipanda usiku wa kwanza. Joto la uchachukaji wenyewe liliisukuma ndoo mpaka 17, sikuiruhusu ipite hapo, nikaizungushia taulo lililolowa. Povu lilipoanza kulegea ndipo nikaihamishia jikoni, kwenye nyuzi 20, ili hamira imalize mabaki badala ya kulala. Ilisimama kwenye 1.024. Ukikokotoa tofauti hiyo unapata asilimia 8.4.

Machicha sikuyatupa baada ya kukamua zile lita 15. Kimea cha bia nzito kinabaki na utamu mwingi, na viwanda vya huku zamani vilitoa bia mbili au zaidi kutoka kimea kimoja. Niliyamwagia tena maji ya moto, nikapata lita 6 za uzito wa 1.035, nikazichemsha na hopsi zilizobaki kwenye pakiti na kuzitia masalio ya hamira. Ikawa bia ya asilimia tatu na kitu, nzuri kwa chakula. Kwa hiyo kwa pakiti moja ya hamira nilipata bia tatu.

Jumapili moja nilimpigia mama mkubwa, Marangu, ambaye mbege yake ilikuwa na wateja wa kudumu. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamsimulia yote. Kimea alikielewa mara moja, akataka kujua kama wazungu nao wanaotesha kwa kuloweka na kufunika kama tunavyofanya ulezi. Nikamwambia ndiyo, ila ni viwandani. Halafu akauliza:

"Sasa umepika mwezi wa kwanza. Mnakunywa lini?"

"Labda mwezi wa saba, mama."

"Mwezi wa saba! Mwanangu, hiyo ni pombe au umeiweka benki?"

Mbege ikishachanganywa na ulezi, ikifika keshokutwa hainyweki tena, kwa hiyo namwelewa. Lakini hii nzito ikiwa changa ina ukali wa spiriti na utamu umekaa upande wake, havijazoeana. Niliihamisha kutoka kwenye mashapo kwenda kwenye chupa kubwa ya kioo, nikaijaza mpaka shingoni ili hewa isipate nafasi, nikairudisha stoo mpaka mwezi wa nne. Wakati wa kuijaza kwenye chupa ndogo niliongeza gramu 50 za sukari iliyoyeyushwa na nusu kijiko cha chai cha hamira kavu mpya, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imechoka na isingetia gesi. Gesi yenyewe inatakiwa iwe ndogo. Bia hii ikitoa povu kama soda imeharibika ladha.

Chupa zilikuwa karibu thelathini za mililita 330. Hakuna iliyouzwa, na haiwezi kuuzwa: tangu 1963 Uingereza inaruhusu mtu kupika bia nyumbani bila leseni wala ushuru, mradi ni ya kunywa na watu wake.

Mwezi wa saba niliifungua pamoja na ile ya Traquair niliyoitunza, jirani wa chini akiwa mwamuzi, mzee aliyefanya kazi ya mapipa ujana wake. Yangu ni tamu kuliko ya Traquair na ina kitu cha zabibu kavu na sukari guru iliyoungua kidogo. Yao ni kavu zaidi, na ule mwaloni siwezi kuuiga kwenye ndoo ya plastiki. Mzee alisema yangu inahitaji miezi sita mingine. Alisema hivyo akiwa anasogeza glasi ijazwe tena.

Anayetaka kuijaribu asiinywe ikiwa baridi ya friji; itoe mapema, iache ifike kwenye nyuzi 12 hivi, tumia glasi ndogo. Na apike ile nyepesi kwanza. Mapishi mengine nitabadilisha msimu ujao, nataka kushusha joto la kuloweka hadi 66 ipungue utamu kidogo, lakini mpangilio wa hamira siugusi.