Zile herufi ndogo za juu, na kwa nini Zuwena hapati Z yake

Kila nikipita mtandaoni nakuta mtu kaweka kwenye bayo kamstari ka maneno madogo madogo yamekaa juu, ˡⁱᵏᵉ ʰⁱᵛⁱ, alafu chini watu wanauliza "umetumia fonti gani hiyo". Jamani hapo hakuna fonti. Ile tovuti ya kugeuza herufi, wanayoiita konveta, uliyopesti maandishi yako haijabadilisha mwonekano wa kitu, imechukua herufi zako ikakupa nyingine zinazofanana nazo. Kwenye Unicode, yaani orodha ya herufi zote ambayo kompyuta na simu zinaifuata, kila herufi ina namba yake, a ya kawaida ni U+0061, ᵃ ni U+1D43, kwa kompyuta hao hawajuani kabisa. Ndio maana ukikopi inakubali karibu popote, hata sehemu ambayo haina kitufe cha bold.

Kwa hiyo hiyo "konveta" ni jedwali tu, kushoto ya kawaida kulia ya juu, inabadilisha moja moja. Isipopata ya kulia inakuachia ulivyoandika. Jaribu jina Zuwena uone, unapata ᶻᵘʷᵉⁿᵃ na z ndogo au Zᵘʷᵉⁿᵃ yenye Z kubwa ya kawaida, imesimama peke yake kama mgeni asiyejua pa kukaa. Z kubwa ya juu haipo, na X na Y nazo hazipo.

Sababu yake mimi inanifurahisha sana, hizi herufi hazikuwekwa kwa ajili ya bayo zetu. Nyingi ni za wanaisimu, wanaandika pʰ kuonyesha p inayotoka na pumzi, au kʷ yenye midomo iliyoviringwa, basi zikawa zinaongezwa kidogo kidogo kadiri zilivyohitajika kwenye kazi zao. q ndogo imeingia 2021 tu, Unicode 14, na kwa sisi wa Kiswahili q wala haitusumbui lol.

Namba nazo zina yake. ¹ ² ³ zilikuwepo kabla, kwenye Latin-1, orodha ya herufi iliyotangulia Unicode, kwa hiyo Unicode ilipotenga mstari wa namba za juu kuanzia U+2070, nafasi za U+2072 na U+2073 ziliachwa wazi maana mbili na tatu zilishakuwa na kwao. Ndio maana kwenye fonti nyingine ukiandika x²⁴ unaona 2 na 4 hazilingani urefu, unadhani simu imeharibika kumbe wala.

Mimi nazitumia kwa m², km², x³, na utani wa chini chini mwisho wa sentensi, basi. Jina zima la akaunti hapana. Mara nyingi mtu akitafuta kwa herufi za kawaida hakupati, na asiyeona anayetumia programu ya kumsomea skrini anaweza kutajiwa herufi moja moja kwa majina yao marefu ya kitaalamu, au programu ikaziruka kabisa, yaani ule ujumbe wako mzuri kwake ni kimya. Na kuna mifumo inasafisha maandishi kwa kurudisha kila kitu kwenye herufi ya kawaida, hapo 10² inageuka 102, sasa fikiria hiyo iko kwenye hesabu ya mtu.

Kama unaandika ripoti au kazi ya shule achana na konveta kabisa, kwenye Word bonyeza Ctrl+Shift+= na kwenye Google Docs Ctrl na nukta, hapo herufi inabaki ile ile ila inapandishwa tu, Z hadi Q zote zinapanda. Kwenye ukurasa wa HTML ni tagi ya sup. Na ukitaka ² peke yake hata tovuti huihitaji, kwenye Windows shika Alt andika 0178 kwa zile namba za pembeni kulia, kwenye baadhi ya kibodi za simu bonyeza 2 bila kuachia, inachomoza juu yake.