Jinsi nilivyompata mtaalamu wa tiba kwa vitendo kwa ajili ya mwanangu hapa Mwanza

Mwanangu alikuwa na umri wa miezi saba nilipobaini kwamba kila kitu alikipokea kwa mkono wa kushoto. Ukimpa kijiko kutokea upande wa kulia, aligeuza mwili mzima ili mkono wa kushoto ukifikie, ilhali wa kulia ulibaki umekunjwa ngumi, kidole gumba kikiwa kimefichwa ndani ya vidole vingine. Nilipowaeleza watu, jibu lilikuwa moja: mtoto ni shoto, babu yake mzaa baba alikuwa shoto, basi hakuna la kushangaza.

Jibu hilo lilinikera kuliko mengine yote kwa sababu lina sura ya busara, na mtu asiye na ubishi kama wangu angelikubali na kwenda zake. Ukweli ni kwamba mtoto mchanga hutumia mikono yote miwili, na kuelemea mkono mmoja kwa kawaida hakujitokezi wazi kabla hajatimiza mwaka. Wengine huchukua muda mrefu zaidi. Mtoto wa miezi saba anayetumia mkono mmoja tu hajachagua mkono anaoupenda, bali anashindwa kuutumia ule mwingine.

Kliniki ya watoto nayo haikunisaidia, ingawa sikukosa mwezi hata mmoja. Kadi yake ilikuwa na mstari wa uzito uliopanda vizuri, chanjo zote zilikuwa zimejazwa, na muuguzi aliyeipokea alinipongeza kwa kunyonyesha vyema. Nilipotaja mkono, aliniambia watoto hawalingani, nivute subira. Nilijibu kwamba sikumlinganisha na mtoto wa jirani. Nililinganisha mkono wake wa kulia na mkono wake mwenyewe wa kushoto. Alicheka, akamwita anayefuata.

Hapo ndipo mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Magu kumwona mjukuu wake, alipotoa mashauri mawili. La kwanza lilikuwa kuufunga mkono wa kushoto kwa kitambaa kutwa nzima, kama walivyofanyiwa watoto wengi wa enzi zake ili wasile wala kusalimia kwa mkono huo. Nililikataa papo hapo. La pili lilikuwa kumpeleka mtoto Igogo kwa mama mmoja mwenye sifa ya kukanda watoto, na kwa kuwa nilikuwa nimekataa la kwanza, heshima ilinilazimu nilikubali hili.

Mama yule wa Igogo alitumia mafuta ya sangara yaliyopashwa moto. Alimlaza mtoto mapajani, akaushika mkono wa kulia na kuunyoosha kwa nguvu, akisema kwamba mshipa umejikunja na dawa yake ni kuukunjua kabla haujakomaa. Mtoto alilia hadi sauti ikakauka, na kadiri alivyovutwa ndivyo ngumi ilivyozidi kukaza, jambo ambalo mkandaji alilitafsiri kuwa dalili kwamba mshipa unapigana na dawa. Kisha ikaja safari ya kurudi nyumbani. Ndani ya daladala abiria walifungua madirisha yote, kondakta akaniuliza kama mzigo wangu wa samaki nimeulipia, na kwa siku kadhaa paka wa jirani hawakubanduka mlangoni petu. Mashuka niliyafua kwa sabuni ya kila aina na bado harufu ilibaki. Baadaye nilielezwa kwamba msuli ulioathirika kwa namna ile hukaza zaidi unapovutwa kwa ghafla, kwa hiyo mtu anayetaka kuulegeza huenda polepole na kumwacha mtoto atulie kwanza. Mkandaji alikuwa akiikaza ngumi ile ile aliyolipwa kuifungua.

Jaribio lililofuata lilikuwa la kitaalamu zaidi lakini halikuwa na matunda makubwa. Nilikwenda hospitali moja na kuomba daktari wa mikono, wakanipeleka kwa daktari wa mifupa, naye akaagiza picha ya eksirei. Mifupa ilikuwa mizima kabisa, nikakabidhiwa picha na pongezi. Tatizo halikuwa kwenye mkono hata kidogo, na picha ya mkono isingeweza kulionyesha.

Ninachojivunia ndicho hiki kinachofuata. Katika kuuliza huku na huku nilisikia kwamba kuna fani inayoshughulika na watoto wa namna hii, yaani tiba kwa vitendo, ambayo humfundisha mtu kutumia mwili wake kwa kula, kuvaa, kucheza na shughuli nyingine za kila siku. Ila kila niliyemuuliza ni wapi hapa Mwanza ningempata mtaalamu wake alinielekeza kwenye mazoezi ya viungo, au kwa wahunzi wa miguu ya bandia, au alinyamaza tu. Ndipo nikajiuliza wataalamu hao husomea wapi. Kwa miaka mingi fani hii imefundishwa katika hospitali ya KCMC, Moshi, na shemeji yangu alikuwa akisoma uuguzi huko huko. Nilimpigia simu, nikamwomba aende hadi kwenye chuo chao aulize jambo moja tu: ni nani kati ya waliohitimu yuko Mwanza kwa sasa? Fani ndogo ni kama ukoo, kila mtu anajua mwenzake amepangiwa wapi na ameoa au kuolewa na nani. Kabla jua halijazama nilikuwa na namba ya simu ya dada mmoja ambaye, kwa mshangao wangu, alikuwa akifanya kazi mahali nilipopita mara nyingi nikienda sokoni. Nimekuwa nikilirudia hili kwa kila mzazi anayenilalamikia kwamba wataalamu hawapo: usiulizie mtaani, ulizia walikosomea.

Siku ya kwanza dada huyo hakuugusa mkono wa mtoto kwa muda mrefu, nami nilianza kuona kwamba nauli yangu imepotea. Alimketisha mkekani, akamwekea vitu mbele yake, kulia, kushoto, kisha akampa mpira mkubwa usioweza kushikika kwa mkono mmoja, akawa anaandika. Alipomaliza, alituandikia barua ya kwenda kwa daktari wa watoto ili mtoto apate rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, ambako tulielezwa kwamba sehemu ya ubongo wa kushoto, inayoongoza upande wa kulia wa mwili, ilipata jeraha, pengine akiwa bado tumboni. Huo ni mtindio wa ubongo wa upande mmoja. Niliuliza kama ni kosa la mtu, nikaambiwa si la mtu yeyote. Lakini dada yule hakungoja majibu ya huko ndipo aanze kazi, na nashauri mwingine naye asingoje, kwa kuwa ubongo wa mtoto katika miaka yake ya mwanzo bado unajijenga na ni mwepesi zaidi kujifunza njia nyingine.

Kazi nyingi tulipewa ya kufanya nyumbani. Tukimvalisha shati, mkono wa kulia huingia kwanza, na tukimvua, hutoka mwisho. Jambo dogo hilo liliondoa vita vya kila asubuhi. Kikombe chake kikawa chenye vishikio viwili. Vinyago vyote vidogo nilivifungia kabatini, nikamwachia sufuria, bakuli pana na ndoo tupu, vitu vinavyodai mikono miwili. Alipozoea kuketi vizuri tulianza kumpa ndizi mbivu ambayo haijamenywa ncha yake, akitaka kula ashike kwa mkono mmoja na kumenya kwa mwingine. Gharama sikuziandika, ila malipo ya siku moja hayakuzidi bei ya sato wawili wa wastani, na kwa walio na watoto chini ya miaka mitano wasiache kutaja umri huo katika vituo vya serikali, kwa sababu sera ya msamaha wa matibabu inawahusu.

Kisha ikaja soksi. Mtaalamu alituelekeza tumvishe soksi laini kwenye mkono wa kushoto, ule wenye nguvu, kwa nusu saa tu kwa siku, wakati mtu mzima yupo naye na mchezo unampendeza, ili mkono wa kulia upate nafasi ya kujaribu. Akichukia, soksi inavuliwa. Mama mkwe aliposikia, alikaa wima na kusema, "Mkwe wangu, si niliwaambia tangu mwanzo?" Nilimweleza kwamba yeye alitaka kuuadhibu mkono wa kushoto uache kazi, na sisi tunautaka uendelee na kazi yake pamoja na mwenzake, kwamba nusu saa si kutwa, na soksi si kamba. Alinisikiliza kwa upole wote, kisha jioni akawasimulia majirani kwamba hospitali imekubali dawa yake.

Leo mtoto ana miaka miwili na miezi kadhaa. Ngumi imefunguka, mkono wa kulia hushikilia bakuli wakati wa kushoto unachota ugali, na hilo ndilo lengo tuliloandikiwa, kwamba uwe msaidizi mzuri. Hakuna aliyetuahidi kwamba utalingana na mwenzake. Kazi niliyobaki nayo ni ya mtaani. Habari ya soksi imeenea, na juzi nimekuta watoto wawili wa miaka minne, wazima kabisa, wanaochora na kurusha mawe kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukifunga vifungo bila shida, wamevishwa soksi mkononi ili waache ushoto. Hao ni shoto tu, kama babu yake mwanangu. Niliwavua soksi nikawarudishia mama zao.