Mafuta ya giaboksi ya Vespa: klachi imeshika!

Jana jioni nimepanda ule mlima wa kutokea feri ya Likoni, upande wa kisiwani, dada yangu kakaa nyuma na mfuko wa nazi uko katikati ya miguu yangu. Gia ya pili, na klachi haikuteleza hata kidogo. Miezi miwili nilikuwa naingoja siku ya kuandika hivi.

Skuta yenyewe ni Vespa PX 150 ya ami. Injini nilishaifunga: pistoni na ringi mpya, kabureta safi, oili kwenye petroli asilimia 2. Nguvu ipo. Tabu ilikuwa mlimani tu. Ukiongeza moto, injini inapiga kelele na skuta inabaki pale pale, nyuma yako matuktuk yanakupigia honi na watu wa miguu wanakupita. Siku moja ilibidi dada ashuke akaenda kwa miguu mpaka juu. Iliniuma sana.

Kosa lilianzia dukani. Niliomba mafuta ya giaboksi, nikapewa 80W-90 (namba za uzito wake) yenye alama ya GL-5 (aina ya mafuta ya gia), nami nikaona sawa, gia ni gia. Kumbe klachi ya Vespa imo humo humo ndani, inaoga mafuta yale yale ya gia. Gia zinataka utelezi, klachi inataka kushikana, na wote wawili wanakula sahani moja. GL-5 imetengenezewa difu za magari, ina dawa nyingi za salfa za kulinda meno yanayosagana kwa nguvu. Kwenye difu ni kitu kizuri sana. Kwenye pleti za klachi ni balaa, na shaba haipatani nayo.

Tena kuna hili la namba, ambalo limenikosesha usingizi. Mafuta ya gia na mafuta ya injini hayapimwi kwa mizani moja. Kwenye joto la nyuzi 100, mafuta ya gia ya 80 yana uzito, yaani ugumu wa kutiririka, wa senti-stoki 7 hadi 11. Mafuta ya injini ya SAE 30 (SAE ni namba ya uzito huo) ni 9.3 hadi 12.5. Karibu ni kitu kimoja! Na 90 ya gia inaanzia 13.5, yaani iko kwenye safu ya 40 na 50 za injini. Kitabu cha skuta kinasema SAE 30, ml 250, basi. Kwa hivyo ile 90 ilikuwa nzito kupita kiasi tangu mwanzo, ndiyo sababu asubuhi nikitia gia ya kwanza skuta inaruka mbele hata kama klachi nimeibana yote.

Nikaimwaga, nikatia 5W-30 ya gari. Niliona 30, nikaridhika. Hapo ndipo nilipoharibu zaidi. Mafuta mengi ya magari ya aina hiyo yana dawa ya kupunguza msuguano ili petroli isiliwe sana, na hayana shida kule kwa sababu klachi ya gari ni kavu, haiko ndani ya mafuta. Ukikosa SAE 30 kabisa, tafuta mkebe wa mafuta ya pikipiki ulioandikwa JASO MA, maana hayo yamepimwa na klachi inayoloa. Na hiyo W ni ya baridi. Hapa Mombasa hakuna asubuhi ya baridi ya kutuhangaisha, mafuta yenye namba moja tu, kama hiyo SAE 30, yanatutosha.

SAE 30 tupu nilikuja kuipata kwenye duka la pampu za maji na jenereta. Nikamwaga, nikasafisha, nikajaza kwa bomba la sindano la ml 60 kutoka duka la dawa: mabomba manne na kidogo juu, mpaka yakaanza kuchuruzika kwenye tundu la kujazia. (Bomba la sindano ni bora kuliko faneli yoyote niliyowahi kununua. Tundu lenyewe limejificha, faneli haikai.)

Nikaenda Likoni. Ikateleza!

Wiki mbili nzima nikizunguka hapo. Nikalegeza waya wa klachi mpaka mkono ukawa na nafasi ya milimita mbili, bado. Nikanusa mafuta ya giaboksi kama yananuka petroli, pengine sili ya krenki, ile inayozuia petroli ya injini isiingie kwenye giaboksi, imekufa, hayanuki. Moshi wa kawaida. Nikaanza kuamini kwamba hadithi yote ya mafuta ni uongo.

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja fundi wa Majengo. Nilimwamkia, nikamweleza tangu mwanzo, akanisikiliza mpaka mwisho bila kugusa skuta.

"Mafuta umebadilisha, mwanangu, lakini hizo pleti zishakunywa yale ya kwanza. Hazitayatapika."

Nikafungua klachi usiku ule ule. Hapa niseme jambo: ile nati yenye meno isipigwe kwa tindo na nyundo. Nimeziona nyingi zilizoliwa meno na mafundi wenye haraka, na inaniudhi kila nikiziona. Mimi nilipeleka soketi kuukuu kwa mchomeleaji, akaikata ikabaki na meno manne, inaingia kama ufunguo. Na springi nilizibana kwa boliti ndefu na washa mbili. Vifaa vyenyewe ni hivyo tu.

Pleti zote tatu uso wake, lile gome laini la vizibo vya chupa, ulikuwa unang'aa kama kigae. Nikakwaruza kwa ukucha. Kukatoka utando wa kahawia, unanata, na ukiunusa ni kiberiti kabisa. Bushi ya shaba imegeuka nyeusi. Mzee alikuwa amesema kweli, na hakuiona hata pleti moja.

Pleti mpya nimeziroweka kwenye SAE 30 ndani ya sufuria kuukuu tangu isha mpaka asubuhi. Vipovu vidogo vidogo vilikuwa vinapanda, halafu vikaisha. Nikafunga, nikajaza tena mafuta mapya. Na giaboksi hii haina filta, kwa hivyo sitangoja kilomita za kitabuni. Nitamwaga mapema, mafuta yenyewe robo lita tu.

Wiki hii nilipanga kupiga rangi mbavu za skuta, yale mabati ya pembeni. Nimeahirisha. Wakati wa kumwaga niliona boliti ya chini haina sumaku, na ndani ya mafuta kulikuwa na vumbi la chuma linalometa ukiliinamisha kwenye mwanga. Ninayo sumaku ndogo niliyoitoa kwenye spika iliyokufa. Nataka kuitobolea boliti ya akiba, niizamishe humo na gundi inayostahimili joto, boliti ya zamani niiweke pembeni. Tobo litakuwa la milimita 6, fundi wa mashine ya kuchongea vyuma ameniambia nimpelekee Jumatatu.