Nilivyopanga vituo vya kununulia alizeti kwa ramani

Alizeti hujaza gari kabla ya kulilemea. Gunia unaliona kubwa, ukilinyanyua jepesi, na Fuso hujaa mpaka juu ya bodi wakati uzito wake bado. Kwa sisi tunaokamua mafuta Dodoma mjini, maana yake ni kwamba usafiri wa kila kilo ni ghali kuliko wa anayebeba mahindi, na kituo cha kununulia kikikaa pabaya, faida ya kukamua yote inaishia kwenye dizeli.

Nina kiwanda kidogo upande wa Kizota. Mafuta yananunuliwa na maduka ya mtaani, mashudu yanachukuliwa na wafugaji. Kwa miaka mingi nilinunua alizeti kwa madalali hapahapa mjini, kwa bei yao na kwa magunia yaliyojazwa wanavyotaka wao. Nilipoamua kwenda kwa mkulima mwenyewe, huko Bahi, Chamwino na Kongwa, pesa niliyokuwa nayo ilitosha vituo vitatu tu: banda, mzani, na kijana mwaminifu wa kukaa pale msimu mzima. Ukiwa na vituo vitatu, huna nafasi ya kubahatisha.

Naandika jinsi nilivyovipata kwa kutumia mfumo wa taarifa za kijiografia, yaani programu ya kompyuta inayopanga ramani za vitu mbalimbali juu ya eneo moja, kwa sababu wafanyabiashara wengi wa saizi yangu wanaamini hiyo ni kazi ya wapimaji ardhi, wizara na mashirika makubwa. Programu niliyotumia ni QGIS. Ni ya bure kabisa, na inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, aliyesoma mipango, alinionyesha misingi yake: kufungua tabaka moja (ramani ya kitu kimoja, kama barabara au mvua) juu ya jingine, kuuliza swali linalounganisha matabaka hayo, na kuchapisha jibu. Mengine nilijifunza usiku, kiwanda kikishafungwa.

Kawaida mtu huchagua kituo kwa kusikia kwamba kijiji fulani kina alizeti nyingi. Mimi nilitaka kujua mambo matatu kwa pamoja: alizeti iko wapi, mkulima ataifikishaje kituoni, na gari langu litaitoaje pale kuja Kizota. Kijiji kinaweza kushinda kwenye la kwanza na kuanguka vibaya kwenye la tatu.

La kwanza halikunichukua muda. Sensa ya 2022 inatoa idadi ya watu hadi kata, na mkoa wetu ulihesabiwa watu 3,085,625. Nilichora kata zote kwa rangi kulingana na idadi hiyo, kisha nikaenda kwa maafisa ugani wa kata zilizonivutia, nikawauliza ekari za alizeti. Picha za setilaiti za Sentinel-2, ambazo mtu yeyote anaweza kuzipakua bure, zilinionyesha mashamba yalipo mwezi wa tatu yakiwa ya kijani, ila hazikuniambia lipi ni la alizeti na lipi ni la mtama. Hilo alilijua afisa ugani.

Kisha niliweka mvua. Kuna data ziitwazo CHIRPS zinazokadiria mvua tangu 1981 kwa vipande vya takribani kilomita tano kwa tano. Dodoma tuna msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili, na wastani wa mwaka hauvuki sana milimita 600. Lakini wastani ni kitu cha hatari ukiuamini peke yake. Nilichotafuta ni kata ambazo mvua yake haipandi na kushuka kupita kiasi, kwa sababu kituo nakijenga kwa miaka kadhaa. Kongwa ina historia inayoumiza katika hili. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha pale mradi wao mkubwa wa karanga, wakaleta matrekta na maelfu ya wafanyakazi. Udongo wa mfinyanzi uligeuka mgumu kiangazi, mvua zikawa za kusuasua, na Januari 1951 serikali yao ikauacha mradi baada ya kupoteza karibu pauni milioni 36. Wazee wa Kongwa wangeweza kuwaambia habari za mvua hizo kabla ya trekta la kwanza kushushwa. Kila ninapofungua tabaka la mvua nawafikiria wazee wale, na hiyo ni sababu mojawapo iliyonifanya nisiishie kwenye kompyuta.

Kazi hasa ilikuwa barabara.

Ukichora duara la kilomita ishirini kuzunguka kijiji, utaona vitongoji vingi ndani yake na utafurahi. Duara hilo halina maana yoyote kwa mwenye Fuso. Nilipakua barabara kutoka OpenStreetMap, ramani ya bure ya mtandaoni inayochorwa na watu wenyewe, nikaipa kila aina ya njia mwendo wake: lami ya barabara kuu, changarawe, na njia za udongo za vijijini. Halafu nikaiambia programu inionyeshe sehemu zote ambazo gari linaweza kuzifikia kwa saa moja. Duara likatoweka, pakabaki umbo lililochanuka kama mizizi, refu kufuata lami na fupi kabisa pembeni. Vitongoji viwili vilivyokaa jirani kwenye duara vilikuwa mbali kwa saa nzima, kwa sababu katikati yao kuna korongo lenye mahali pamoja tu pa kuvukia.

Asiyeishi huku anaweza kudhani makorongo ni shida ya masika peke yake. Sisi tunanunua kuanzia Mei, maji yakiwa yameshapita, na tatizo linabaki. Maji yameukata ukingo wima, na chini yameacha mchanga laini. Gari tupu linapita likihangaika, na likiwa na mzigo linazama mpaka kwenye ekseli. Ramani ya barabara haionyeshi hayo. Kwa hiyo nilichukua data za mwinuko zilizokusanywa na chombo cha anga cha Endeavour Februari 2000, zenye pikseli za takribani mita 30, nikaiambia programu ifuate maji yanakoelekea. Ikanichorea mkondo mkubwa na mdogo. Kila mkondo ulipokatana na njia nikaweka nukta nyekundu, na nukta zikawa nyingi mno kuzitembelea zote mwenyewe.

Nilichapisha ramani kwenye karatasi kubwa, kila nukta na namba yake, nikaenda nayo kwenye vijiwe vya bodaboda. Hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Kijana mmoja wa upande wa Chamwino aliinama juu ya karatasi, akatafuta kwanza shule yake ya msingi, kisha nyumba ya babu yake, na baada ya hapo akaanza kusoma ramani bila kufundishwa na mtu. "Mama, hii namba kumi na tisa ina daraja la zege, hata lori linapita. Hii ya chini yake usije, tunavua viatu." Mwenzake akambishia kuhusu nukta nyingine, wakabishana mpaka akaja mzee aliyekuwa akisubiri usafiri na kusema drifti ya pale, kile kivuko cha zege kwenye mkondo, ilishasombwa. Akanigeukia: "Binti yangu, mvua ikiisha rudi uulize tena. Korongo halikai sehemu moja." Niliandika kila walichosema pembeni ya nukta kwa kalamu: daraja, drifti, mchanga, hapapitiki. Niliporudi nyumbani nikaingiza majibu kwenye mfumo na kuziba kila mahali palipoandikwa hapapitiki. Ile mizizi ikabadilika umbo tena, na kijiji nilichokuwa nimekipa nafasi ya kwanza kikaporomoka.

Kabla ya kwenda mbele niseme jambo moja la kiufundi, maana atakayejaribu hili Dodoma lazima atalikuta. Koordineti za mita tunazotumia zinaigawa dunia katika kanda za nyuzi sita sita, na mpaka wa kanda ya 36 na ya 37 ni mstari wa nyuzi 36 mashariki, unaopita upande wa Chamwino. Jiji na Bahi viko kanda ya 36. Kongwa, Kibaigwa na Mpwapwa viko ya 37. Nukta ya Kongwa ikisomwa kwa kanda ya 36 inahamia magharibi mwa nchi, karibu na Ziwa Tanganyika. Hilo unaliona mara moja. Lisiloonekana haraka ni hili: ramani za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa vipimo wa zamani uitwao Arc 1960, na simu yako inatumia mwingine, WGS84. Ukiziweka pamoja bila kuiambia programu, kila kitu kinasogea karibu mita 300. Mita mia tatu kijijini ni shamba la mtu mwingine. Kwenye programu, kwa Arc 1960 chagua mfumo namba 21036 au 21037, kwa WGS84 chagua 32736 au 32737, kufuata kanda yako, na uhakiki kwa kitu usichoweza kukikosea, kama kanisa, msikiti au njia panda.

Uhakiki huo ulinisaidia sana tulipofika kwenye kuomba eneo. Katika kijiji kimoja cha Kongwa, halmashauri ya kijiji ilinionyesha kiwanja kizuri, tambarare, kando ya njia. Kijiji kilikuwa na ramani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi, na mtendaji aliniruhusu kuipiga picha. Niliilinganisha kwa kutumia shule, zahanati na njia panda, nikaiweka juu ya picha ya setilaiti. Kiwanja kile kilikuwa katikati ya njia ya mifugo iendayo lamboni. Kwenye picha ya setilaiti vijia vya ng'ombe vinaonekana wazi, vyeupe, vikielekea majini sambamba. Banda langu na foleni ya mikokoteni ya punda vingeiziba njia hiyo msimu mzima, na katika wilaya zetu ugomvi wa mkulima na mfugaji hauhitaji kuchochewa. Nilirudi na karatasi, tukakaa na wajumbe chini ya mti, wakaiangalia kwa makini sana. Mwenyekiti akasema njia ile anaijua tangu utoto, ila wakati wa kiangazi, ng'ombe wakiwa wamehamia malisho ya mbali, mtu anasahau. Walinipa eneo jingine hatua chache kutoka pale, mkutano mkuu wa kijiji ukaridhia, na wakaniomba niwachapishie nakala ya ramani ile kwa ajili ya ofisi. Niliwapa kwa moyo mmoja. Ramani ya kijiji inatakiwa ikae ukutani kijijini, watu wapite waione.

Vituo nilivyochagua mwishoni havikuwa kwenye kijiji chenye alizeti nyingi kuliko vyote. Viwili viko kwenye njia panda, mahali ambapo vijiji kadhaa vya kawaida vinafika kwa baiskeli na mkokoteni bila kuvuka korongo baya, na ambapo gari linatoka kwa changarawe mpaka lami. Cha tatu kiko Bahi, na nilikiweka kwenye mwinuko kwa sababu ardhi ya mbugani ile nyeusi hukamata matairi mpaka Juni. Nilichookoa kwenye usafiri sehemu yake nimeiweka kwenye bei ya mkulima, na tunapima kwa mzani mbele yake. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, kwenye vituo vyangu hakuna. Akina mama wanaokuja na nusu gunia wanapokelewa sawa na mwenye magunia arobaini, na nusu gunia hizo, kwa wingi wake, ndizo zinazokijaza kiwanda.

Gari nalo halitoki tena kwenda kituo kimoja na kurudi. Upande wa mashariki, tukijua kila kituo kina kilo ngapi, dereva anaanza na kile cha mbali Kongwa na kumalizia Chamwino akirudi mjini, anaingia Kizota amejaza. Simu yake inarekodi njia aliyopita na mahali alipokwama. Marekebisho ya barabara nayarudisha kwenye OpenStreetMap, maana nilichukua pale bure na kuna mwalimu, muuguzi au dereva wa gari la wagonjwa atakayeihitaji njia hiyohiyo.

Mwisho wa Aprili, kabla sijatangaza bei, vijana wa bodaboda wanazipitia upya nukta zile na simu zao, wanapiga picha ya kila kivuko na kunitumia. Nawalipa kwa kila nukta, na ya kwanza kukaguliwa ni namba kumi na tisa, kwa sababu daraja lile likienda, kituo cha Chamwino itabidi kihame.