Nyenje chini ya boneti

Hii Toyota 86 yangu ya 2013, gari la spoti, ina aibu moja. Kwenye foleni ya feri ya Likoni, watu wanasubiri mngurumo, wao wanasikia nyenje: tri-tri-tri. Fundi mmoja pale Makupa alisikiliza hata dakika haikuisha. "Ami, oili yako nyepesi mno. Tia 20W-50, Mombasa hii joto." Nikakaribia kukubali.

Jioni nikachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine nikaipitisha juu ya injini, mbali na mikanda. Kwenye vali, shwari. Kwenye pampu ya petroli ya presha kubwa, ndiko wanakoimba wote! Pampu yasukuma petroli. Oili nzito itaitibu vipi?

Kitabu cha gari chasema 0W-20. Namba ya kwanza ni tabia ya oili ikiwa baridi, ya pili injini ikishapata moto, na moto huo thamostati huusimamia, uwe kwenye joto la Nyali au baridi ya Limuru. Oili nzito, asubuhi huchelewa kupanda juu.

Nikamwaga, nikatia 0W-20 ya sintetiki na filta mpya. Nyenje wangalipo. Mama auliza nawalisha nini.