DHCP haikuwa na kosa: nilivyotafuta tatizo la mtandao kwenye Debian 12

Mashine ilikuwa na Debian 12 na kadi ya mtandao inayotumia draiva ya r8169. Nilipoiombea anwani ya IP kwa `dhclient -v enp3s0` (enp3s0 ni jina la kadi) kupitia DHCP, yaani utaratibu wa seva kugawa anwani, ilituma ombi la DHCPDISCOVER mara kadhaa, kisha ikaandika "No DHCPOFFERS received". Ujumbe huo huwapeleka wengi moja kwa moja kwenye seva. Mimi huanzia chini, kwenye waya.

Amri ya kwanza ni `ip link show enp3s0`. Ndani ya mabano tafuta maneno mawili. Kama UP haipo kabisa, kadi haijawashwa, basi `ip link set enp3s0 up` inatosha. Kama UP ipo pamoja na NO-CARRIER, kadi imewashwa lakini haisikii chochote kutoka upande wa pili. Kwangu NO-CARRIER ilikuwa inatokea na kupotea, na `dmesg -T`, yaani kumbukumbu za kernel, ikaonyesha "Link is Up" na "Link is Down" zikipishana kila baada ya sekunde chache.

Hapo ndipo DHCP ilipokuwa inakufa. Swichi yenye spanning tree (kinga dhidi ya mizunguko ya data kati ya swichi), poti yake ikiwa kwenye mpangilio wa kawaida, hukaa sekunde 15 ikisikiliza na 15 nyingine ikijifunza kabla ya kupitisha data. Kiungo kikikatika, sekunde hizo 30 huanza kuhesabiwa upya. Kila DISCOVER iliyotoka iliishia kwenye poti ambayo haijafunguka. Seva haikupata hata moja.

Kwa nini kiungo kikatike? `ethtool enp3s0` ilionyesha pande zote mbili zinatangaza 1000baseT/Full. Makubaliano hayo ya kasi hupita kwenye pini 1, 2, 3 na 6 tu, lakini gigabiti yenyewe inahitaji nyaya zote 8. Jozi moja kati ya 4-5 na 7-8 ikiwa mbovu, kadi na swichi hukubaliana vizuri, kisha hushindwa kufanya kazi na kuanza upya. Kadi nyingine hushuka zenyewe hadi 100Mb/s, na hapo utaona neno Downshift kwenye dmesg.

Ili kuthibitisha, niliiambia kadi itangaze 100 pekee:

`ethtool -s enp3s0 advertise 0x008`

Kiungo kikatulia papo hapo. Tafadhali usitumie `autoneg off speed 100 duplex full` kwa kazi hii. Ukizima makubaliano upande mmoja, swichi hutambua kasi lakini haiwezi kujua duplex (kama pande zote zinaweza kutuma kwa wakati mmoja, full, au kwa zamu, half), hivyo huchukua half. Utapata mtandao unaofanya kazi kwa kusuasua na makosa ya CRC (data iliyofika ikiwa imeharibika) yanayoongezeka, na hilo ni gumu kuligundua kuliko tatizo ulilokuwa nalo.

Nilikata vichwa vyote viwili vya waya (RJ45) na kubana vipya kwa mpangilio wa rangi wa T568B. Jozi nilizifumua si zaidi ya milimita 13. Kisha `ethtool -s enp3s0 autoneg on`, na kasi ikasimama 1000Mb/s bila kukatika.

Anwani bado ilichelewa nusu dakika. Hiyo ni spanning tree peke yake sasa, na dawa yake iko kwenye swichi: poti inayoelekea kwenye kompyuta iwekwe kuwa edge, ambayo swichi nyingine huiita portfast. Usiiweke hivyo kwenye poti inayounganisha swichi na swichi, utajitengenezea mzunguko.

Mwisho niliacha `tcpdump -eni enp3s0 port 67 or port 68`, inayoonyesha pakiti za DHCP zinazopita, ikiendelea na kuomba anwani upya. Zinatakiwa zionekane nne: DISCOVER, OFFER, REQUEST, ACK. DISCOVER zikitoka bila OFFER wakati kiungo kimetulia, sasa ndiyo saa ya kukagua VLAN ya poti (sehemu ya mtandao ambayo poti imepangiwa), au kama seva imeishiwa anwani. OFFER zikija mbili kutoka anwani za MAC (namba za utambulisho wa kadi) tofauti, na hukuweka seva mbili kwa makusudi, kuna mtu amechomeka ruta yake kwenye mtandao wako. Safu ya MAC unaipata kwa sababu ya ile `-e`. Itafute MAC hiyo kwenye jedwali la swichi, utajua imechomekwa poti gani.

Kwenye FreeBSD njia ni ileile: `ifconfig re0` hukuandikia "status: no carrier" au "active", na baada ya kurekebisha waya, `service dhclient restart re0`.